Uzoefu wangu Wellsboro Diner: kaa kaunta, na usisahau kuangalia juu

Nianze na maksi za mgahawa huu: nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya umbali, karibu saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, na hilo si kosa lao.

Naishi Harrisburg, Pennsylvania. Oktoba iliyopita nilikuwa na mgeni, shangazi yangu kutoka Muheza, na wiki ya pili tu alikuwa ameshachoka. "Mwanangu, kila siku unanizungusha madukani. Nchi kubwa hivi haina mashamba, haina vijiji?" Basi Jumamosi moja tukatoka kabla jua halijachomoza, tukashika barabara namba 15 kwenda kaskazini, mto Susquehanna ukiwa mkono wetu wa kulia kwa mwendo mrefu. Pale Mansfield tukaiacha, tukaingia barabara namba 6 kuelekea magharibi. Ni kama kilomita 225 hivi. Miti ilikuwa imeiva rangi zote, na shangazi akanyamaza njia nzima, jambo ambalo wanaomfahamu hawataliamini.

Wellsboro ni mji mdogo wenye barabara kuu moja ya maana, na katikati ya barabara hiyo kuna taa za gesi, za gesi kweli. Mgahawa wenyewe uko kwenye kona ya barabara hiyo. Wamarekani migahawa ya aina hii wanaiita daina: chumba chembamba, kirefu, kaunta yenye viti vya kuzunguka upande mmoja, na jiko la kupikia mayai mbele ya macho yako.

Shangazi aligoma kuingia kwanza. Alisimama nje akaukagua. "Hili si behewa?"

Kila mtu hudhani hivyo, hata Wamarekani wenyewe. Daina nyingi za zamani hazikuwahi kuwa mabehewa hata siku moja. Ukoo wao ni mkokoteni: mwaka 1872, kule Providence, jimbo la Rhode Island, bwana mmoja aitwaye Walter Scott alianza kuuzia watu wa zamu ya usiku chakula kutoka kwenye kigari cha farasi. Biashara ikashika, vigari vikakua, viwanda vikaanza kuunda migahawa mizima na kuisafirisha hadi kwa mnunuzi. Huu wa Wellsboro ni wa mwaka 1938, wa aina iliyoitwa Sterling, kazi ya kampuni ya J.B. Judkins ya Merrimac, Massachusetts. Hao Judkins walianza na magari ya farasi, wakaja kuunda bodi za magari ya kifahari kama Lincoln, na biashara hiyo ilipodorora wakageukia migahawa. Waliiunda kwa vipande kiwandani, ikaja kuunganishwa hapo ilipowekwa.

Nilipomweleza hayo shangazi akacheka kwa sauti. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa basi la Tanga, na shangazi amekaa kwenye magereji ya bodi kuliko nilivyokaa darasani. Anajua chesisi inavyoingia tupu ikatoka basi. Tulipoingia hakuangalia menyu, aliangalia juu: dari imepinda kama mgongo wa pipa kutoka ukuta hadi ukuta. "Fundi huyu alikuwa fundi wa bodi," akasema. "Nyumba haijengwi hivi." Mimi nilihitaji kusoma ndipo nijue hilo.

Ushauri wangu wa kwanza: usikae mezani, kaa kaunta. Kaunta ndiyo mgahawa wenyewe. Pamebana kiasi kwamba kiwiko chako ni cha jirani, na huwezi kujifanya humuoni. Mzee mmoja mwenye kofia ya kuwindia alituuliza tunatoka wapi. Kabla sijamaliza kujibu alishaanza kutuchorea njia ya kwenda kwenye korongo la Pine Creek, kama kilomita 16 kutoka pale, kwenye karatasi ya kufutia mikono. (Tulikwenda. Ni pazuri, lakini mapitio haya ni ya mgahawa.)

Mhudumu alimwita shangazi "mpenzi" kabla hata ya kumwekea kikombe. Nikatafsiri. "Ananifahamu?" Nikamwambia huku wahudumu wa daina humwita hivyo kila mtu. Akafikiri kidogo. "Basi mwambie shikamoo haiwezekani, mimi ni mkubwa kwake."

Sasa chakula, na hapa Waislamu wenzangu mnisikilize. Kwenye daina nyingi za Marekani mayai, viazi na nyama ya nguruwe hukaangwa juu ya bamba moja la chuma. Usidhani mayai ni mayai tu. Na katika Pennsylvania kuna kitu kinaitwa scrapple, kipande cha kahawia kilichokaangwa, ukikiona utadhani kababu. Ni mabaki ya nguruwe yaliyosagwa yakapikwa na unga wa mahindi. Uliza kila kitu, hata ukoko wa pai, maana mapishi ya zamani hutumia mafuta ya nguruwe. Tuliuliza, mhudumu akaenda jikoni, akarudi na jibu lililonyooka bila kukunja uso, na mpishi akatukaangia mayai kwenye kikaango cha pembeni. Shangazi kwa usalama zaidi akaagiza na uji wa shayiri. Kuvuka bahari, kisha saa tatu barabarani, kuja kunywa uji!

Pai ya tofaa ndiyo iliyonifanya niandike. Moto, tofaa bado lina ukakasi kidogo, mdalasini haujazidi. Tulichukua kipande kimoja na vijiko viwili, tukaongeza cha pili. Kahawa ni ya kuongezewa bila malipo mpaka useme basi. Ila wewe uliyezoea kahawa ya kijiweni na kashata, jua kwamba daina nyingi hunywesha kahawa nyepesi, ya kunywewa kikombe baada ya kikombe.

Nenda asubuhi mapema kama ni mwezi wa majani kubadilika rangi, kwa sababu wapiga picha wote wa jimbo wana wazo hilohilo. Na acha bakshishi, asilimia 15 hadi 20. Mishahara ya wahudumu huku inategemea hiyo.

Shangazi alipiga picha kumi na nne. Moja ya pai, moja yangu nikiwa nimefumba macho, kumi na mbili za dari, zote akazituma kwenye kundi la mafundi wa Tanga kabla hatujalipa.