Kabati la chuma la droo nne kutoka kwa mafundi wa Mabatini

Chuma kizito, rangi imepigwa ikakolea, droo zinateleza hata zikijaa. Hapo sina neno. Shida ni vitasa: ufunguo wa droo ya juu unafungua na ya tatu! Nilipolalamika fundi akacheka, "Mzee, kwani unaficha siri za Usalama wa Taifa?"

Nimestaafu ukarani wa masijala ya siri serikalini, sasa nampangia wakili mmoja majalada hapa Mwanza. Watu wanadhani usalama ni kuvizia watu usiku tu. Kuna karatasi, jamani! Jalada likitoka linaandikwa kwenye rejesta, folio, yaani karatasi za ndani ya jalada, zinapewa namba, ufunguo unajulikana uko kwa nani. Barua ya siri inaingia bahasha mbili, mhuri wa SIRI unagongwa ile ya ndani, ya nje inabaki kama barua yoyote. Ukivujisha, Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakungoja.

Kwa vyombo na madaftari ya watoto, chukua, na bei inashuka ukibembeleza. Kwa majalada ya wateja, ng'oa vitasa vyao kwanza. Vyangu vipya nimenunua Makoroboi.