Ubuyu aliharisha siku tatu: uzoefu wangu na chakula cha mbwa wadogo hapa Dodoma

Nyota naziweka mwanzoni kwa wenye haraka. Chakula kikavu cha watoto wa mbwa wa aina ndogo, kikiwa kwenye mfuko uliofungwa, nakipa nne kati ya tano. Cha kupimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi, sifuri. Daktari wa mifugo aliyekuja nyumbani, tano, na ingekuwepo ya sita ningempa.

Ubuyu ni jike, chotara wa mbwa wadogo waitwao Maltese, mweupe kama unga wa ubuyu, ndiyo maana watoto wakampa jina hilo. (Na ile maana nyingine ya ubuyu, yaani umbea, inamfaa pia, kwa sababu hakuna geti litakalofunguliwa mtaani asilitangaze.) Binamu yangu alimleta kwa gari kutoka Dar, zaidi ya kilomita 450, akiwa na wiki tisa. Nilipomuuliza alikuwa anakula nini huko, akanijibu, "Anakula chochote, dada." Kadi ya chanjo hakuwa nayo.

Kesho yake nikaenda duka la dawa za mifugo mjini. Mfuko wa kilo 3 wenye picha ya kibwa mdogo ulikuwa shilingi 68,000. Nikafikiria mchele na mafuta ya nyumba nzima, nikaurudisha kwenye shelfu taratibu kama mtu aliyeshika yai. Muuzaji akaniwahi: "Kuna cha kupima, mama. Kilo elfu tisa tu." Gunia lilikuwa limesimama mlangoni, mdomo wazi, na jua la saa tisa mchana la Dodoma mnalijua. Nikapimiwa kilo moja kwenye mfuko wa kaki, nikarudi nyumbani Ilazo na furaha ya mtu aliyepunguziwa bei.

Jioni bakuli likalambwa mpaka likang'aa. Alfajiri choo kikawa laini, mchana kikawa maji ya njano yenye ute. Dada wa kazi akamwonea huruma, akammiminia maziwa ya ng'ombe, "apate nguvu." Akayamaliza, akaharisha zaidi, naye akaongezewa maziwa. Tukaenda hivyo siku mbili zaidi.

Ushauri haukukosekana. Mama mkwe, kwa simu kutoka Kongwa, alicheka kwanza. "Mwanangu, mbwa wa huku anakula ukoko wa ugali wa uwele na usiku anafukuza fisi. Huyo wako ni mbwa au ni mgeni?" Jirani akaniletea Flagyl, akasema nikate nusu. Kidonge nilikuwa nacho mkononi na kisu kiko mezani, ndipo nikajiuliza: nusu ya kidonge kilichopimwa kwa mtu mzima wa kilo 70, kwa kiumbe kinachoingia kwenye sufuria ya chai? Nikampigia daktari niliyeelekezwa na mfanyakazi mwenzangu. Akasema nisimpe dawa yoyote ya binadamu, nimtumie picha ya choo kwa WhatsApp. Sikuwahi kudhani nitatuma picha ya namna hiyo kwa mtu ambaye hata sura yake siijui.

Alifika kwa pikipiki baada ya saa moja. Alivuta ngozi ya shingoni na kuiachia aone kama inarudi haraka, akagusa fizi kuona zina unyevu, akampima joto, likawa 38.9, ambalo kwa mbwa ni la kawaida. Kisha akaazima mzani wa duka la jirani, Ubuyu akakaa pale panapokaa sukari: kilo 1.3. Dawa ya mtoto wa mbwa, alisema, haikadiriwi kwa macho.

Alichokuwa anakihofia ni pavo. Kirusi hicho huua vibwa wasiokamilisha chanjo, na dalili zake ni kutapika, kukataa chakula, kulegea, na mara nyingi kuharisha damu yenye harufu kali. Ubuyu alikuwa anakula na anamng'ata daktari kamba za viatu, hilo likampa moyo. Lakini mimi alinigombeza, kwa adabu. Kibwa wa ukubwa huu, akasema, hasubiriwi siku tatu; maji yanamwisha mwilini upesi, na akikaa muda mrefu bila kula sukari ya damu inashuka, anaanza kuyumba, anaweza hata kudondoka na degedege. Kwa hiyo ile kawaida ya kumnyima chakula mbwa anayeharisha, kwa hawa wadogo isifanyike. Ukimwona anayumba, mpake asali kidogo kwenye fizi halafu umkimbize kwa daktari. Asali ya Itigi haikosekani jikoni kwangu. Siku hiyo niliihamishia shelfu ya karibu.

Akaomba kuona chakula. Alikimimina kiganjani, akanusa, akaninusisha. Kilinuka kama mafuta ya maandazi ya juzi. Chakula hiki kina mafuta, na mafuta yakikaa kwenye hewa na joto yanachacha. Tena punje zenyewe zilikuwa kubwa kama mbaazi, za mbwa wakubwa, wala hazikuwa za watoto. Kwenye mfuko wa kaki ningejuaje? Hakuna tarehe ya mwisho, hakuna umri, hakuna chochote.

Hata hivyo hakuniruhusu kulibebesha gunia lawama yote. Kulikuwa na safari, kulikuwa na kubadilishiwa chakula kwa siku moja, na kulikuwa na maziwa: kibwa aliyeachishwa kunyonya hupungukiwa uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, ikibaki tumboni inavuta maji, anaharisha. Na kulikuwa na minyoo. Vibwa wengi huipata tangu tumboni mwa mama yao na kwenye maziwa yake. Alimpa dawa ya maji kwa bomba la sindano lisilo na ncha, na kesho yake ikatoka mieupe kama tambi. Watoto wangu walipiga kelele, halafu wakaanza kunawa mikono bila kukumbushwa, jambo ambalo mimi nimelipigania miaka mingi. Na wanawe mikono kweli, maana minyoo hiyo huambukiza na watu.

Chakula cha kumtuliza kilikuwa wali uliopikwa hadi ukawa bokoboko na nyama ya kuku iliyochemshwa, bila ngozi, bila mifupa, bila chumvi, na bila kitunguu kabisa, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa. Vijiko viwili vya chakula, mara tano kwa siku. Siku ya pili choo kikaanza kushikana. Nikataka kuendelea hivyohivyo, ni rahisi na anakipenda, daktari akakataa. Wali na kuku vinafaa siku chache tu, havina kalsiamu ya kutosha kwa mifupa inayokua.

Basi nikarudi kununua ule mfuko wa 68,000. Siku mbili robo yake na robo tatu wali, siku mbili nusu kwa nusu, siku mbili robo tatu, kisha chote. Punje zake ni ndogo kama choroko, nazilowanisha kwa maji ya vuguvugu. Anakula kama gramu 65 kwa siku, kwa hiyo mfuko unafika mwezi na nusu, sawa na shilingi 1,500 hivi kwa siku. Laiti ningepiga hesabu hiyo dukani! Choo kigumu, manyoya yanang'aa, na baada ya siku kumi daktari akarudi kumchanja. Chanjo hiyo inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16.

Kwa wakazi wa hapa kuna jambo sikulijua kabla: zabibu. Ni sumu kwa mbwa, mbichi au kavu, huweza kuua figo, na hakuna aliyeweza kuniambia ngapi ni salama. Ukuta wetu umepakana na shamba dogo la zabibu. Msimu ukifika Ubuyu hatoki bila kamba.

Nyota moja nimeikata kwa upatikanaji. Mara ya pili mfuko haukuwepo mjini, nikauagiza Dar, ukaja kwa basi, nikaufuata stendi ya mabasi ya Nanenane saa nne usiku. Sasa naagiza ukibaki robo, maana kikimkatikia narudi kwenye kubadilisha ghafla. Nauhifadhi ndani ya mfuko wake wenyewe, mdomo umekunjwa, kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na dirisha.

Mama mkwe alikuja Jumapili. Alimwangalia akila, akauliza bei, nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Baadaye nikamkuta uani amechuchumaa, kipande cha ukoko mkononi, anamwita kwa sauti ya chini.