Pianoteq kwa mpiga klavye wa Lubumbashi: nunua Stage, pesa inayobaki iende kwenye pedali

Kiangazi cha Lubumbashi hukausha mbao, kisha masika huja na kuzilowesha tena. Piano ya mbao haivumilii mchezo huo. Ubao wake wa sauti hunywa unyevu ukavimba, huutoa ukasinyaa, na nyuzi zake zaidi ya 200 huvutwa na kulegea pamoja nao. Bila fundi wa kuipitia mara kwa mara, haimalizi mwaka ikiwa sawa. Kwa hiyo mpiga klavye wa mitaa ya Katuba, Kenya au Bel-Air anayetaka sauti ya piano kubwa hana budi kuitafuta ndani ya kompyuta, na humo kuna njia mbili: piano za kurekodiwa na piano za kukokotolewa.

Pianoteq, programu ya piano ya kompyuta, ni ya njia ya pili. Inatengenezwa na Modartt, kampuni ya Toulouse, Ufaransa, na ilitoka mwaka 2006. Mwanzilishi wake, Philippe Guillaume, ni mwanahisabati aliyekuwa fundi wa piano kabla ya hapo, na jambo hilo linaonekana ukifungua mipangilio: unakuta ugumu wa nyundo, urefu wa nyuzi, mahali nyundo inapogonga, upana wa unisono (tofauti ndogo kati ya nyuzi za noti moja), kifuniko kilichofunguliwa au kufungwa. Ni maneno ya mtu aliyewahi kushika ufunguo wa kukaza nyuzi.

Tofauti ya njia hizi mbili inafaa kueleweka kabla ya kutoa dola moja. Piano ya kurekodiwa ni ghala la sauti: kila noti imepigwa kwa nguvu kadhaa mbele ya maikrofoni, na programu inachagua rekodi iliyo karibu na nguvu ya kidole chako. Salamander, piano nzuri ya bure iliyorekodiwa kutoka Yamaha C5, ina tabaka 16 za nguvu kwa kila noti iliyorekodiwa, na noti zenyewe zilirekodiwa moja katika kila nusu-toni tatu. Zilizo katikati zinavutwa juu au kushushwa. Pianoteq haihifadhi noti. Kila unapobonyeza, inapiga hesabu upya: nyundo inafika kwa kasi gani, waya unatikisika vipi, mtikisiko unapita kwenye daraja na kuingia ubao wa sauti, na nyuzi za jirani ambazo hazijazuiwa zinaitika kiasi gani.

Faida ya kwanza kwa mtu wa hapa ni mega. Faili ya kupakua ni takriban megabaiti 50. Garritan CFX kamili, mojawapo ya piano za kurekodiwa zinazosifiwa sana, inazidi gigabaiti 100. Kwa anayenunua intaneti kwa vifurushi, hiyo ni tofauti kati ya kupakua leo jioni na kutopakua kabisa. Ndani ya megabaiti hizo 50 mna piano zote, pamoja na ala za ziada kama kalimba. Leseni ndiyo inayofungua zile ulizolipia, na nyingine unazisikiliza kwa majaribio.

Faida ya pili husikika kwa vidole. Jaribu hivi: bonyeza do, mi na sol za katikati polepole kabisa, zisitoe sauti, uzishikilie. Kwa mkono wa kushoto piga do ya chini kwa kishindo kifupi na uiachie mara moja. Utasikia akordi inabaki ikiimba kama vile kuna mtu chumba cha pili. Kisha rudia noti moja mara kumi kwa nguvu ileile: mapigo hayafanani kikamilifu, kwa sababu nyundo inaukuta waya ukiwa tayari unatembea. Piano nyingi za kurekodiwa hurudia picha ileile, na sikio hukamata udanganyifu huo baada ya pigo la nne au la tano.

Udhaifu wake upo na lazima usemwe. Katikati ya klavye kuelekea juu, ukipiga kwa nguvu, sauti inaweza kuwa na chuma ndani yake, ikakosa ule unene wa mbao ambao rekodi nzuri inao. Ukiweka kaske masikioni na kulinganisha noti moja-moja, rekodi mara nyingi inashinda. Ukipiga muziki wenyewe, wenye pedali, mistari ya mkono wa kushoto na sauti ndogo sana, Pianoteq inachukua uongozi, maana inafuata kidole bila kuruka kutoka tabaka hadi tabaka. Lakini sehemu kubwa ya malalamiko ya "sauti ya plastiki" haitoki kwenye programu hata kidogo. Inatoka kwenye klavye isiyopangwa.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Kila noti inatumwa na namba ya nguvu kuanzia 1 hadi 127. Klavye yenye vitufe vyepesi, ile ya vitufe 61 inayobebwa kwapani kwenda mazoezi ya kwaya, hufika 127 bila jasho, na hapo Pianoteq inaamini unapiga nyundo kwa hasira. Kila kitu kinatoka kikali. Klavye yenye uzito mara nyingi inafanya kinyume: unapiga kwa bega zima na namba inaishia 105 au 110, kwa hiyo sauti inayong'aa haifiki kamwe. Dawa ni mkunjo wa nguvu ulio ndani ya Pianoteq. Kuna msaidizi anayekuomba upige polepole sana, kisha wastani, kisha kwa nguvu, halafu anachora mkunjo mwenyewe. Mpe dakika kumi, tena ukiwa umekaa kama unavyokaa kila siku. Ukitaka kwa mkono, kwa klavye nyepesi anza kwa kushusha katikati: namba 64 itoke kama 45, na 127 itoke kama 110. Piga wimbo mzima, kisha urekebishe kidogo-kidogo. Usihukumu piano yoyote ya Pianoteq kabla ya kufanya kazi hiyo.

Pedali inafuata, na ndiyo sababu ya kichwa cha makala hii. Pedali ya bei rahisi ni swichi tu: imewaka au imezimwa. Pianoteq inaelewa pedali iliyobonyezwa nusu, robo, au inayotetemeshwa kusafisha akordi, lakini klavye yako lazima itume namba zote za kati, siyo 0 na 127 peke yake. Roland DP-10 na Yamaha FC3A zinaweza, mradi klavye nayo iwe na tundu linalozisoma. DP-10 ina swichi ndogo ya kuchagua kati ya hali mbili, na ikiwa imewekwa upande usio sahihi inageuka pedali ya kawaida. Ukikuta sauti inavutika mguu ukiwa juu na inakatika ukikanyaga, polariti imegeuka. Zima klavye, ondoa mguu, hakikisha pedali imechomekwa, kisha iwashe. Klavye nyingi hupima pedali wakati wa kuwaka. Ikishindikana, geuza mkunjo wa pedali ndani ya programu.

Kuhusu matoleo: Stage, Standard na Pro. Injini ya sauti ni moja. Stage inakupa piano zilizopangwa tayari, mkunjo wa nguvu, ekwaliza na mwangwi. Standard inafungua ugumu wa nyundo, muundo wa nyuzi na kusogeza maikrofoni kuzunguka piano. Pro inakuruhusu kurekebisha noti moja-moja, kazi ya studio na ya watafiti wa tyuningi. Mpiga klavye wa kanisa, mwanafunzi wa muziki, hata mwalimu, Stage inawatosha. Leseni inalipwa mara moja kwa euro kwenye tovuti yao, haina malipo ya kila mwezi. Nakala zilizovunjwa zinazozunguka kwenye flashi, ziache: mara nyingi huleta virusi, na kazi ya wale watu inastahili malipo.

Kabla ya kulipa, tumia toleo la majaribio. Linanyamaza baada ya dakika 20 na noti chache zimezimwa kwa makusudi, kwa hiyo usifikiri klavye yako imekufa. Lifungue tena uendelee.

Uunganishaji wenyewe ni mwepesi. Klavye nyingi za sasa zinatumia kebo ya USB ya printa. Zile za zamani zenye tundu la duara la pini tano zinahitaji kibadilishi, na kosa la kila siku ni kufuata maandishi: plagi iliyoandikwa IN kwa kawaida huingia kwenye OUT ya klavye. Hakuna sauti? Badilisha plagi kwanza. Ukisikia sauti mbili kwa pamoja, ya klavye na ya kompyuta, tafuta kwenye klavye mpangilio wa Local Control na uuzime.

Kwenye Windows, usiache programu itumie njia ya kawaida ya sauti, maana kidole kitatangulia na sauti itakuja nyuma. Chagua ASIO, njia ya sauti isiyochelewa; kama huna kadi ya sauti ya nje, weka ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Kisha bafa, akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huitayarisha mapema: sampuli 128 kwa 48000 Hz ni milisekunde 2.7, 256 ni 5.3, 512 ni karibu 11. Anza na 256. Ukisikia mikwaruzo, panda hadi 512 kabla ya kuilaumu kompyuta. Bafle (spika) ya Bluetooth usiitumie kabisa: inachelewesha kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na hakuna mpangilio utakaoiponya.

Kompyuta ya zamani yenye kori mbili inaweza kubeba Pianoteq, ila inataka msaada. Kwenye ukurasa wa utendaji punguza polifoni, idadi ya noti zinazolia pamoja, hadi 48 au 64, na ikibidi shusha kiwango cha ndani cha sampuli hadi 24000. Utapoteza mwanga kidogo juu kabisa lakini kazi ya prosesa inapungua karibu nusu. Raspberry Pi 4 au 5, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, nayo inaiendesha, kwa kuwa Modartt wanatoa toleo la Linux kwa prosesa za ARM. Kwa mji wenye delestaji, yaani mgao wa umeme, hilo si jambo dogo: Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3 tu, kiasi ambacho betri nzuri ya nje inaweza kukitoa bila kuwasha grupu (jenereta).

Na delestaji ina mtego wake kwa wenye laptopu. Kuran, yaani umeme, ikikatika katikati ya ibada, laptopu inahamia kwenye betri, Windows inashusha kasi ya prosesa ili kuokoa umeme, na ghafla piano inaanza kutoa mikwaruzo au kukata noti. Mtu anadhani programu imeharibika. Nenda kwenye mipangilio ya nishati, chagua utendaji wa juu kwa hali ya betri pia, na weka kiwango cha chini cha prosesa kuwa asilimia 100. Fanya hivyo nyumbani, kisha chomoa chaja ukiwa unapiga, usikilize. Kama hakuna kinachobadilika, uko tayari kwa Jumapili.

Kosa jingine linalowatesa mafundi wa sauti makanisani: kuchomeka tundu la kaske la laptopu moja kwa moja kwenye mstari mmoja wa meza ya sauti, kwa waya wa jaki ya stereo pande zote mbili. Tundu la meza linasoma upande wa kushoto na wa kulia kama ishara moja na kinyume chake, kisha linatoa tofauti yake. Vyote vilivyo sawa pande mbili vinafutana, na piano inabaki nyembamba kama inatoka chini ya maji. Tumia waya unaogawanyika kuwa jaki mbili za mono, mistari miwili. Mkiwa na mstari mmoja tu, weka Pianoteq kwenye mono na mtumie jaki moja. Mvumo wa umeme ukisikika chaja inapochomekwa, weka kisanduku cha DI chenye transfoma katikati na ubonyeze swichi yake ya kutenganisha ardhi.

Piano gani ya Pianoteq basi? Kwa bafle za kanisa, palipo na gita la besi, ngoma na sauti 30 za kwaya, YC5 inapenya vizuri kuliko Steinway D, ambayo unene wake wa chini unagongana na besi. Kata chini ya Hz 120 kwa ekwaliza na mpe mwenye besi nafasi yake. Kwa mazoezi ya kaske, na kwa Bach au Chopin, Steinway D inarudi mahali pake. Bechstein D 282 ina besi zilizo wazi zaidi na kila sauti ya fuga inasikika ilipo. Wenye sikio la piano za zamani wapakue KiViR, mkusanyiko wa ala za kihistoria unaotolewa bure kwa mwenye leseni.

Aliye na bajeti ya kitu kimoja tu mwezi huu, kati ya leseni na pedali inayosoma nusu, anunue pedali. Salamander ndani ya sfizz, programu ya kupiga piano za kurekodiwa, vyote vya bure, itamshika mkono hadi leseni ipatikane, na mguu wake utakuwa umeshajifunza.