Assimil ya Alphonse Chérel: uzoefu wangu

Kifaransa changu nimekipata kwa kitabu cha Assimil, kampuni ya Ufaransa ya vitabu vya kujifunza lugha peke yako, na sauti zake, na kwa nyota tano natoa nne. Kitabu nilichotumia hakikuandikwa na Alphonse Chérel mwenyewe, kwani alifariki mwaka 1956, lakini njia ni ileile ya huyo Mfaransa aliyeanzisha Assimil mwaka 1929.

Nilichokipenda ni kwamba hakikuharakishi useme. Kila siku kuna mazungumzo mafupi: kushoto lugha unayojifunza, kulia tafsiri, chini tanbihi za sarufi. Unasikiliza, unasoma kwa sauti, basi, unafunga. Kila somo la saba ni marudio. Hapo ndipo kanuni zinapoelezwa, na nyingi utakuta umeshazizoea bila kujijua.

Kazi yenyewe inaanza somo la 50. Unaendelea mbele, huku kila siku ukirudia pia somo moja la nyuma, kuanzia la kwanza. Unafunika ukurasa wa kushoto, unatazama tafsiri na kuijenga sentensi mwenyewe. Wanaoiruka hatua hii ndio hao hao wanaosema "naelewa ila siwezi kuongea". Mimi ulimi ulifunguka hapo, na sidhani ungefunguka kwa kusikiliza tu.

Chérel alipenda mzaha. Kitabu chake cha kwanza, cha kuwafundisha Wafaransa Kiingereza, kinafungua na mtu anayetangaza kuwa fundi cherehani wake ni tajiri, na sentensi hiyo Wafaransa wanaitania hadi leo. Mwandishi wa tamthilia Eugène Ionesco naye alijifunza Kiingereza kwa Assimil. Mazungumzo ya watu wanaoambiana mambo wanayoyajua fika yakamchekesha hadi yakazaa tamthilia yake La Cantatrice chauve, iliyopanda jukwaani Paris mwaka 1950. Sijui mwandishi gani mwingine wa vitabu vya lugha aliyewahi kuacha alama ya namna hiyo.

Nyota moja nimeibana kwa sababu hakuna wa kukujibu. Wahusika wa kitabuni wanasubiriana kwa adabu. Watu halisi wanakatizana, wanameza maneno, wanaruka mada. Kwa hiyo baada ya somo la 50 tafuta mtu wa kupiga naye soga. Na kama wewe ni wa kutaka kanuni kwanza na mifano baadaye, kitakukera mapema sana.

Ukinunua, chukua chenye sauti. Kitabu kitupu hakifai.