Kidonge cha kutuliza hofu kabla ya kung'oa gego: uzoefu wangu, Lamu

Nimetumia diazepamu mara mbili, kwa magego mawili ya chini, mara zote kwa cheti cha daktari wa meno. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu siku ya kidonge yote huwa imekwenda, na nusu ya siku inayofuata pia.

Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, haiondoi maumivu hata kidogo. Hiyo ni kazi ya sindano ya ganzi. Kidonge kinakwenda kwenye ubongo na kuiongezea nguvu GABA, kemikali ya mwili wenyewe inayopunguza kasi ya mishipa ya fahamu. Unabaki macho, unajibu ukiulizwa, unafumbua mdomo ukiambiwa, ila moyo hauendi mbio. Koleo unaliona wala hulishughulikii sana. Jino likianza kutikiswa bado utahisi kusukumwa, na utasikia ule mlio wa "kra" ndani ya taya, maana ganzi hunyamazisha maumivu, hainyamazishi mkandamizo wala sauti. Anayekuahidi kwamba hutahisi chochote anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kipimo nilichoandikiwa ni miligramu 5 usiku wa kuamkia miadi, na 5 nyingine saa moja kabla ya kukaa kitini. Mtu mzima mwenye hofu kubwa huweza kuandikiwa 10 asubuhi. Wazee hupunguziwa, mara nyingi hadi nusu, kwa kuwa miili yao huchelewa kuitoa dawa na miguu yao huwa mizito haraka. Kile cha usiku nilikidharau, kumbe ndicho chenye faida zaidi: asiyelala usiku kucha huamka na hofu iliyokwisha kuiva, na kidonge cha asubuhi hakiishushi kirahisi.

Wengi huharibu kwenye saa. Ukiwa na njaa au umekula kidogo, dawa huanza kuonekana baada ya dakika 30 hadi 60, na kilele chake ni kama saa moja hadi moja na nusu. Ukiimeza juu ya mahamri na mbaazi za nazi, mafuta yanaichelewesha. Utatetemeka kitini, ulegee ukishafika nyumbani. Kipande cha mkate na chai nyepesi vinatosha, kama daktari hakukukataza kula. Kosa la pili ni kumeza kwa kufuata saa iliyoandikwa kwenye kadi. Kliniki moja ilinichelewesha saa mbili, kilele kikapitia benchini. Mara ya pili nilifika kwanza, nikauliza zamu yangu, ndipo nikameza. Ukiona hakijakolea, usijiongezee kingine. Cha kwanza huenda bado kiko njiani, na viwili vikikutana havikutulizi, vinakulaza, na pumzi inapungua.

Yaliyo ya akili timamu yafanye kabla ya kumeza: soma fomu ya ridhaa na uitie sahihi, uliza maswali, lipa. Nambari ya siri ya M-Pesa si ya kubonyezwa ukiwa umelegea. Dawa hii hufuta kumbukumbu kidogo. Utaitikia kila neno la daktari na jioni hulikumbuki hata moja. Kwa hiyo maagizo ya baadaye apewe aliyekusindikiza, tena yawe yameandikwa.

Msindikizaji huyo si pambo. Kwa anayerudi Mokowe, ng'ambo ya bara, hatari yote iko kwenye ngazi za gati: zina utelezi, boti inapanda na kushuka, na unatakiwa kuwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje kwa nukta moja tu. Mwili wenye diazepamu unaikosa nukta hiyo. Shikwa mkono, na kaa katikati ya boti, si ukingoni. Ukiwa Malindi, panda tuktuk, usipande bodaboda. Nusu ya dawa huchukua takriban saa 20 hadi 50 kutoka damuni, ndiyo maana siku ya pili pia hupaswi kuendesha chombo wala kusaini chochote cha ardhi au pesa.

Vitu vya kumwambia daktari bila aibu ni pombe, heroini, methadone, tramadol, kodeini, dawa za kifafa, hata Piriton. Pombe na zile za jamii ya afyuni (heroini, methadone, tramadol na kodeini) ndizo mbaya zaidi, maana zikichanganyika na diazepamu hukandamiza upumuaji. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ini bovu, na anayekoroma hadi pumzi ikakatika usingizini, wote waseme mapema. Miraa na muguka zina kosa lingine: zinavuta upande wa pili, unaamka moyo unadunda, halafu unailaumu dawa. Wala usinunue vidonge vya mkononi mitaani. Bugizi, jina la mtaani la vidonge vya kulegeza, inayopita huko hujui ni dawa gani wala miligramu ngapi.

Kuna wachache ambao kidonge huwageuka, wakawa na hasira na mahangaiko badala ya utulivu. Kwa hiyo cha kwanza kabisa kisiwe siku ya kung'oa. Kile cha usiku kinakuonyesha mapema mwili wako utaipokeaje.

Ganzi nayo ina mtego wake. Lidokeini ya meno mara nyingi huwa na adrenalini, na dakika moja baada ya sindano moyo unaweza kudunda ghafla. Mwenye hofu hudhani kidonge kimeshindwa au anakufa. Hupita baada ya dakika chache. Kwa gego la chini subiri mpaka nusu ya mdomo wa chini iwe kama ya mtu mwingine. Kama bado unaihisi, inua mkono kabla koleo halijaingia. Jino lenye usaha hukataa ganzi, kwani asidi ya uvimbe huizuia dawa, na daktari mzuri ataongeza sindano au aushushe uvimbe kwanza. Diazepamu hapo haisaidii lolote.

Mwezi wa Ramadhani omba miadi ya baada ya futari, au siku nyingine kabisa, kwa kuwa kidonge kinafunguza.

Ukirudi nyumbani pamba ya kung'ata ikae dakika 30, na saa aiangalie mwenzako, maana wewe utaona zimepita tano. Usisukutue siku hiyo, usivute sigara, usinywe kwa mrija. Donge la damu likitoka, shimo hubaki wazi na siku ya tatu linauma kuliko jino lenyewe. Usingizi utakujia tu, na utakuja kwa nguvu. Kabla hujajilaza, mwenzako akufumbue mdomo na ahakikishe pamba imetoka.