Sushi za mtaani Tokyo: wapi uweke hela yako, kuanzia namba moja mpaka ya mwisho

Ukifika Tokyo, iwe umekuja kusoma au unapita tu siku chache, watu wa nyumbani lazima wakuulize kama umeshakula sushi, na ukiingia mtandaoni kutafuta pa kwenda unaletewa yale maduka ya Ginza ya kaunta ya watu wanane ambako mlo wa usiku unavuka yen 20,000 kirahisi na nafasi inabidi uishike mapema sana. Hayo waachie wenye hela zao. Hapa naongelea sushi ya mtu anayepanda treni kwa kadi ya kugusa na anahesabu chenji.

Kitu kimoja kabla sijapanga namba. Watu wanachagua duka kwa jina, wakati ukweli ni kwamba saa unayoingia ina uzito kuliko jina lililo mlangoni. Maduka mengi ya Tokyo, la mtaani na la kifahari, samaki wao wanapitia soko lile lile la jumla la Toyosu (ndo lililochukua nafasi ya soko la zamani la Tsukiji mwezi Oktoba 2018), kwahiyo samaki sio siri ya mtu. Siri ni wali. Wali wa sushi unatakiwa uwe na uvuguvugu, kama joto la mkono hivi, punje zikae zenyewe lakini zishikane, na ukishapoa au ukishaingia friji umeisha, hata umwekee jodari wa bei gani juu yake. Orodha yangu yote inafuata hilo.

Namba moja: duka dogo la mtaa, lanchi, siku ya kazi

Haya ni yale maduka yenye pazia fupi la kitambaa mlangoni, mlango wa mbao wa kuburuta, huoni ndani kuna nini, na ndo maana wageni wengi wanayapita wanaogopa. Usiogope. Mchana wengi wanatoa ubao au picha nje zenye bei kabisa, na seti ya vipande saba mpaka kumi pamoja na supu ya miso (ya soya iliyochachushwa) utaipata kwa yen 1,000 mpaka 1,800 hivi, mambo ambayo usiku kwenye kiti hicho hicho ungelipa mara tatu na bia juu. Seti zinakuja kwa madaraja: nami ndo ya kawaida, jo ya juu, tokujo ya juu zaidi. Mi nasema chukua jo. Nami inakuwa na ngisi, kamba wa kuchemsha na yai nyingi, na tokujo unalipia zaidi mayai mekundu ya samoni na uni (nyama laini ya urchini, yule mnyama wa baharini mwenye miiba), ambavyo kama ndo mara yako ya kwanza unaweza usivipende hata kidogo.

Fika wakati wanafungua, saa tano na nusu asubuhi kwa wengi wao. Fundi amepika wali muda si mrefu, kaunta haijajaa, na anakutengenezea kipande kwa kipande mbele yako badala ya kukupangia sahani nzima haraka haraka. Ukija saa nane mchana unakula mabaki ya pilikapilika. Kingine, angalia kalenda: Toyosu hufungwa Jumapili na baadhi ya Jumatano, na maduka madogo mengi nayo yanafunga siku hizo, usitembee bure.

Usishangae kukosa samoni. Maduka mengi ya kizamani hayaweki, kwa sababu samoni mbichi kwenye sushi ni jambo la juzi tu, Wanorwe ndo walioisukuma Japani kuanzia miaka ya 1980, na mzee aliyejifunza kazi kwa njia ya zamani haoni kwanini aanze leo. Badala yake utapewa vibua waliolazwa kwenye siki, na hapo ndo utajua kama fundi anajua kazi, maana jodari hata mvivu anaweza kumkata akapendeza ila samaki wa siki hadanganyi.

Usiku ni habari nyingine. Ukiona ubao wenye majina ya samaki bila bei, au umeandikwa 時価, maana yake bei ni ya siku hiyo na wewe hutaijua mpaka bili ije. Uliza kabla, hawachukii. Na beba keshi, maduka haya mengine hayana habari na kadi. Tipu hakuna, ukiacha chenji mezani watakukimbiza nayo mpaka barabarani.

Wapi? Shuka mitaa ya watu wa kawaida yenye barabara ya maduka karibu na stesheni: Togoshi Ginza (sio ile Ginza ya kifahari), Kita-Senju, Koenji, Kamata, Akabane. Ukikuta wazee wawili watatu wameshakaa ndani na wanaongea na fundi kama ndugu yao, ingia.

Namba mbili: sushi ya kusimama

Hii sijui kwanini watu hawaisemi. Unasimama kwenye kaunta, fundi yupo mbele yako, unaagiza kipande kimoja kimoja au viwili viwili, kila kimoja kina bei yake ukutani, unakula, unalipa, dakika ishirini umetoka. Cheni ya Uogashi Nihon-Ichi ina matawi kadhaa Tokyo na ni pa kuanzia pazuri. Wali unafinyangwa muda huo huo kwahiyo joto lipo, na hulipii kiti wala chai ya kupoteza muda. Kwa mtu aliye peke yake ambaye anataka kuonja samaki sita tofauti bila kufunga mkataba wa seti nzima, hakuna kinachoipita. Imekosa namba moja kwa sababu ya miguu tu, na kwa sababu huwezi kuja na mtoto.

Namba tatu: kaiten, yale ya mkanda

Ni yale maduka ambayo kwa asili sahani za sushi zinapita mbele ya wateja kwenye mkanda. Najua wengi mngeiweka juu. Ilianza 1958 huko Higashi-Osaka, bwana mmoja Yoshiaki Shiraishi aliona chupa za bia zinavyopita kwenye mkanda kiwandani akasema hata sushi inaweza. Leo mkanda wenyewe umepungua, hasa baada ya mwaka 2023 kijana mmoja kurekodiwa akilamba chupa ya soya sosi ya mezani na video ikazagaa nchi nzima, sasa hivi sehemu nyingi unaagiza kwenye tableti na sahani inakuja mbio mpaka kwenye meza yako.

Sahani ya bei ya chini ni kama yen 110 mpaka 180 kutegemea cheni na tawi, na matawi ya Shibuya au Shinjuku ni ghali kuliko yale ya pembeni ya mji yenye paking kubwa. Kati ya cheni kubwa, mi nampa Sushiro kwa samaki, Hama Sushi kwa bei, na Kura Sushi kwa wenye watoto, maana pale kila ukitumbukiza sahani tano kwenye tundu la mezani unachezeshwa bahati nasibu, na watoto watakulazimisha ule sahani ambazo hukuzipanga. Wali wa mashine, uko sawa tu, hauna ubaya wala maajabu. Wasabi, ile ya kijani inayowasha puani, haiwekwi ndani, ipo pembeni, weka mwenyewe.

Nenda saa tisa au saa kumi alasiri siku ya kazi. Jumamosi jioni bila kushika namba kwenye apu utakaa kwenye benchi mpaka njaa ikuishe. Na ile bomba nyeusi ya mezani ya kubonyeza ni MAJI YA MOTO ya chai, sio ya kunawa mikono, jamani.

Hapa niseme la halali kwa sababu naulizwa sana. Samaki sio tatizo, tatizo ni vinavyomzunguka. Wali unatiwa siki, sukari na chumvi, lakini wengine wanaongeza mirin (pombe tamu ya kupikia) au sake (pombe ya mchele) wakati wa kupika, yai na mchuzi mtamu wa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, navyo kwa kawaida vina mirin, soya sosi nyingine zimeongezwa alkoholi, na kwenye kaiten kuna rameni ya nguruwe jikoni humo humo. Ukiwa mkali kwenye hili nenda duka dogo ambako unaweza kumuuliza fundi uso kwa uso, na beba kichupa chako cha soya sosi ya halali. Wajawazito waache samaki wabichi, wale kamba wa kuchemsha na samaki mkunga aliyepikwa.

Namba nne: supamaketi usiku

Kuanzia kama saa moja au saa mbili usiku mfanyakazi anapita akibandika stika za punguzo kwenye pakiti za sushi, kwanza asilimia 20, baadae nusu bei, na utaona watu wazima na mabegi yao ya ofisi wanajifanya wanaangalia maziwa huku wanamvizia. Kwa mwanafunzi hii ni uokozi. Ila wali umeshakaa kwenye ubaridi, mgumu, kwahiyo chagua roli (wali uliokunjwa kwenye mwani) na zile za kuwekwa ndani ya tofu ya kukaanga badala ya nigiri, yaani zile za kipande cha samaki juu ya donge la wali. Ukibeba nyumbani kodi ni asilimia 8, ukikaa kula mgahawani ni 10.

Ya mwisho: foleni ya Tsukiji

Soko la jumla lilishahama, yaliyobaki ni maduka ya nje, na foleni za watalii ni ndefu kwa sushi ambayo Kita-Senju unaipata bila kusimama juani. Kama umeshafika basi nunua lile yai la kukunja la moto kwenye mjiti, kula hapo hapo mbele ya duka, halafu rudi stesheni, lanchi za mitaani zinaanza saa tano na nusu.