Uzoefu wangu: niliagiza mchoro wa kikuba kwa mkaa

Ukitafuta picha ya maua hapa Unguja, maduka ya Mji Mkongwe yatakuonesha rangi mpaka macho yachoke. Picha za Tingatinga nazipenda, na ukumbini kwangu ipo moja. Lakini safari hii nilitaka kikuba: asumini, langilangi, vilua na rehani, vimefungwa pamoja kwa uzi. Ilikuwa zawadi ya mama mkubwa, ambaye amewafungia maharusi vikuba maisha yake yote. Nikaenda kwa dada mmoja anayechora maua kwa mkaa tu, basi. Jina lake siliweki hapa kwa sababu anafanya kazi nyumbani na hapendi watu wamjie bila taarifa.

Bei yake ilikuwa shilingi 180,000 kwa karatasi ya A3, bila fremu, nusu unalipa mwanzo. Wapo watakaosema ni ghali kwa kitu kisicho na rangi. Mimi nimeiona kazi ilivyofanyika, na nasema ni halali yake.

Kwanza, hachori kwa picha ya simu. Anataka maua yenyewe, na anayataka jioni, kwa kuwa asumini hufunguka usiku na asubuhi huwa imeshaanza kunyauka na kugeuka kahawia. Kwa hiyo kazi hufanyika usiku, taa moja imewekwa ubavuni ili kila petali iwe na upande wa mwanga na upande wa kivuli. Maua yakichoka, ananunua mengine na kuyapanga upya kama yalivyokuwa. Gharama hiyo imo ndani ya bei.

Halafu kuna huo mkaa wenyewe. Si wa jikoni, ambao ni mgumu na hukwaruza karatasi. Huu hutengenezwa kwa vijiti vyembamba vinavyofungiwa ndani ya kopo lenye tundu dogo la kutolea moshi, kopo likawekwa motoni, vijiti vikaungua bila kupata hewa. Hutoka mwepesi, laini, na ukiupitishia kidole unapanguka. Anao pia ule wa kiwandani ulioshindiliwa kwa gundi, mweusi zaidi na mgumu kufutika, ambao huuweka mwisho kwenye vivuli vizito kabisa.

Kilichonishangaza ni kwamba alianza kwa kuipaka karatasi nzima mkaa mpaka ikawa kijivu. Asumini akazitoa kwa kifutio, kile laini cha kufinyanga kinachochongeka kwa vidole kikawa na ncha. Anabonyeza, anainua, na weupe wa karatasi unajitokeza. Anapofanya mazoezi hutumia sehemu ya ndani ya boflo, kama walivyofanya wachoraji wa zamani Ulaya, lakini kwenye kazi ya mteja hapana, kwani mkate huacha mafuta na masalia yanayoita wadudu na kuvu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ua jeupe na mkaa vinapatana: hakuna rangi nyeupe iliyopakwa popote, ni karatasi yenyewe inayong'aa katikati ya kiza. Piet Mondrian, yule mchoraji Mholanzi tunayemjua kwa miraba myekundu, ya buluu na ya njano, naye alichora krisanthemu kwa mkaa mnamo 1908–09, na mchoro mmoja uko kwenye jumba la makumbusho la Guggenheim, New York. Naye aliona mbali.

Mama mkubwa hakusifu kivuli wala mwanga. Aliangalia fundo la uzi, akaangalia vilua vimekaa wapi, akasema huyu aliyechora amewahi kukaa na mfungaji vikuba. Kwangu hiyo ndiyo hukumu yenye uzito kuliko yangu.

Sasa kasoro. Alichelewa kuliko tulivyokubaliana, na mimi ndiye niliyekuwa nampigia simu kuuliza. Angetuma ujumbe mfupi tu ingetosha. Langilangi nayo imepoteza kitu: bila umanjano wake, asiyelijua ua hili ataona vipande virefu vinavyoning'inia tu. Na mwenye kutaka mawaridi mekundu afikiri kwanza. Wekundu wa ua na kijani cha jani vikigeuzwa kuwa kijivu hukaribiana sana, ua na jani vikamezana. Alinionesha waridi moja kubwa alilolichora peke yake bila majani, hilo lilikuwa zuri sana. Shada zima nisingeagiza.

Fremu ndiyo iliyonitia hasira, ingawa si kosa lake. Fundi mmoja wa fremu mjini aliweka plastiki badala ya kioo, tena ikagusa karatasi. Plastiki ikisuguliwa huwa na umeme tuli unaovuta vumbi, na mkaa ni vumbi. Weusi kidogo ulihamia kwenye plastiki kabla sijafika nyumbani, japo mchoraji alikuwa ameshaupulizia mchoro dawa ya kushikiza mkaa. Fundi mwingine akaifungua, akaweka kioo cha kweli na karatasi nene iliyokatwa dirisha katikati, ili pabaki nafasi kati ya kioo na mchoro. Sisitiza hilo kabla hujalipa. Dawa ya kushikiza isikupe matumaini ya kugusa mchoro ovyo. Inapunguza kupanguka, haiondoi, na ikizidi huyafifisha yale meupe uliyoyalipia.

Kwa sisi wa visiwani kuna jambo la unyevu. Usiutundike mchoro kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe na chokaa, hasa masika inapoingia, maana ukuta unanyonya maji na karatasi itaota kuvu. Tumeutundika ukuta wa ndani, mbali na jua la dirishani, na nyuma ya fremu tumebandika vipande vya koki ili hewa ipite.

Nimeshamlipa nusu ya mchoro wa pili: asumini peke yake, kubwa, karatasi ya A2. Safari hii tumekubaliana atanipigia yeye.